Tujifunze Pamoja: Pete ya Feza na Jiwe la Kwetu

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza juu ya kutunza maji ya kunywa nyumbani. Tunawashukuru wote waliotuletea maoni, hata yule baba aliyesema kwamba maandishi yetu ni marefu kuliko foleni ya bomba. Tumemsikia, lakini mwezi huu pia atuvumilie.

Safari hii tunazungumza juu ya kitu kidogo kinachoenea kwenye kidole kimoja: pete ya feza yenye jiwe la asili. Familia nyingi hapa ziko na kitu cha namna hiyo. Kama si pete, ni heleni za bibi, au mkufu uliofungwa kwenye kitambaa chini ya sanduku. Siku shida inapobisha hodi, ndicho kitu cha kwanza kinachokumbukwa. Sisi walimu wa kujitolea tulijifunza mambo haya Kigali, na tuliyajifunza kwa aibu, kama mtakavyosoma. Mama mwenye pete ametupa ruhusa ya kusimulia, ila jina lake tusiliandike.

MAMA NA PETE YAKE

Kijana mmoja wa kartie ya chini hakuonekana kwenye marudio ya jioni kwa siku tatu. Kisha tukasikia kwamba yuko nyumbani mchana kutwa, amerudishwa kutoka shule ya bweni. Minerivali yake ilikuwa imebaki faranga 60,000. Ni kijana anayesoma vizuri, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu amalize sekondari. Tukaenda kwao.

Mama yake alitupokea, akatupa viti, yeye akakaa kwenye mkeka. Tulizungumza habari za mvua na habari za watoto. Kisha akafungua pembe ya kitenge chake, akatoa pete.

"Walimu, miye sina kitu ingine," akasema. "Niko tu na hii. Munisindikize Kigali tuiuzishe, kule bei iko muzuri."

Akatueleza ilikotoka. Baba mkwe wake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, akipita mara kwa mara Numbi, katika milima ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Wenye kutoka upande huo wanapajua. Watu huchimba kasiterite na koltani, na katika miamba hiyo hiyo hutokea pia mawe ya rangi. Mzee alinunua jiwe moja kwa mchimbaji, akalipeleka kwa sonara Bukavu, akatengenezewa pete ya feza. Akamvalisha mke wake. Mke alipozeeka na vidole kuvimba, akaivua akamvalisha mke wa mtoto wake siku ya harusi. Ndiye huyu mama. Siku ya kukimbia aliacha mashamba, nyumba, na hata sufuria ikiwa jikoni. Pete ilivuka mpaka ikiwa imefungwa kwenye kitenge alichombebea mtoto. Mtoto huyo ndiye kijana aliyerudishwa shuleni.

Tukaishika mkononi. Jiwe lilikuwa la kijani, na upande mmoja lina wekundu kidogo, kama tikiti maji karibu na ganda. Ukiligeuza huku linang'aa, ukiligeuza kule linakuwa jeusi jeusi. Feza yenyewe ilikuwa imeingia weusi.

Hapo ndipo tulipofanya kosa la kwanza. Mmoja wetu alisema, kwa sauti ya mwalimu, kwamba feza ya kweli haiwi nyeusi, kwa hiyo hii labda si feza. Akachukua msumari akakwaruza upande wa ndani "ili kuhakikisha". Msumari ukaacha alama, na alama hiyo haikutuambia chochote. Mama alituangalia, hakusema neno.

SAFARI YA KIGALI

Mmoja wetu alikuwa na kazi ya kuchukua madaftari Kigali, basi tukaenda naye mama wawili wetu. Tukashuka Nyabugogo, tukapanda mjini. Duka la kwanza lilikuwa na vioo vingi na mwanga mwingi. Mwenye kuhudumia aliishika pete kwa muda mfupi kuliko mtu anavyoshika sarafu. Akasema jiwe ni chupa, na pete si feza, ni bati tu la kupakwa rangi. Kwa kumsaidia mama, alisema, atatoa faranga 4,000.

Tunaandika haya kwa aibu: sisi walimu tulimshauri mama akubali. Tulifikiri nauli, tulifikiri jua, tulifikiri kwamba mtu wa duka anajua kuliko sisi. Mama alinyosha mkono akaichukua pete yake.

"Baba mukwe hakukuwaka mutu wa bongo," akasema. "Twende."

Tukapanda basi mpaka Nyamirambo, kwa sababu pale mama angeweza kujieleza kwa Kiswahili bila kutafuta maneno. Tukauliza, tukaelekezwa kwa mzee mmoja sonara, mwenye meza ndogo dirishani. Alitukaribisha, akauliza habari za safari, kisha akafanya kazi yake taratibu mbele ya macho yetu, akitueleza kila hatua. Yale aliyotueleza ndiyo tunayowaandikia sasa, pamoja na tuliyoyasoma baadaye.

KWANZA, FEZA

Feza ya kweli INAKUWA nyeusi. Mwalimu mwenzetu alikosea. Katika hewa, katika jasho na hata katika chakula kama mayai na vitunguu mna salfa kidogo, na salfa ikikutana na feza hufanya ngozi nyeusi juu yake. Weusi huo si ushahidi wa uongo. Pete isiyobadilika hata kidogo kwa miaka mingi inaweza kuwa ya chuma kisichoshika kutu, au feza iliyopakwa madini mengine juu.

Feza tupu ni laini mno kwa kazi ya pete, hujikunja. Kwa hiyo masonara huichanganya, mara nyingi na shaba. Ukiona ndani ya pete namba 925, maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000, sehemu 925 ni feza na 75 ni madini mengine. Lakini muhuri unaweza kugongwa na mwongo, na pete ya zamani ya mikono inaweza kukosa muhuri na bado ikawa feza. Pete ya mama haikuwa na namba.

Sonara alianza na sumaku. Feza haivutwi na sumaku. Pete ikirukia sumaku, ndani kuna chuma. Lakini isiporuka bado hujamaliza, maana shaba na alminiamu pia hazivutwi. Ndiyo maana akaisugua kidogo kwenye jiwe jeusi la kujaribia, akadondosha asidi juu ya mstari ule, akatazama rangi yake. Kisha akaipima: gramu 7. "Hii ni feza, mama," akasema. "Aliyekuambia bati hakuangalia."

Kuna pia madini mengine meupe yanayouzwa kama feza, ambayo ni shaba, zinki na nikeli, bila hata chembe ya feza. Mtu ambaye kidole kinamuwasha na kutoa vipele chini ya pete, mara nyingi ni nikeli inayomsumbua. Aivue.

PILI, JIWE

Chupa na jiwe la asili vinafanana kwa macho, lakini tabia zake ni tofauti. Sonara alitumia lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia. Katika chupa mara nyingi huonekana mapovu madogo ya duara, kwa sababu chupa iliyeyushwa kwenye moto. Katika jiwe la mama hakukuwa na mapovu. Kulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, na vijistari kama nyuzi. Halafu akatuonyesha jambo la ajabu: ukiangalia kupitia juu ya jiwe, kingo za nyuma zinaonekana mbili mbili, kama mtu aliyechoka macho. Chupa haifanyi hivyo. Tena jiwe lilikuwa na rangi moja ukilitazama huku, na rangi nyingine nzito ukilitazama kule, jambo ambalo chupa pia haifanyi.

"Hii ni turmalini," akasema. "Ya kwenu kabisa, ya Kivu."

Mama akatuangalia tena. Safari hii alicheka.

Kuna jaribio moja la nyumbani lisilodhuru kitu: weka jiwe kwenye mdomo wa juu. Jiwe la asili huhisi baridi kuliko chupa, na hukawia kupata joto. Hilo linakupa fununu tu. Kipimo cha kweli kinahitaji mtu mwenye vifaa. Tunawaomba msitumie msumari, wala kisu, wala moto. Jiwe la kweli pia hupasuka likipashwa moto ghafla, kwa hiyo aliyekuambia "lichome, likiwa la kweli halitapasuka" anakuharibia mali.

Ugumu wa mawe hupimwa kwa ngazi iliyotungwa mwaka 1812 na Friedrich Mohs, kutoka 1 mpaka 10. Almasi iko 10. Safiri na rubi ziko 9. Turmalini iko kati ya 7 na 7.5. Lile jiwe jeupe linalong'aa ambalo watoto huokota kwenye vilima vyetu, yaani kwatzi, liko 7. Chupa ya dirisha iko kama 5.5. Malakaiti, lile jiwe la kijani lenye mistari linalotoka Katanga, liko kati ya 3.5 na 4 tu. Jiwe lenye namba kubwa hulikwaruza lenye namba ndogo. Kwa hiyo mwenye pete ya malakaiti aitunze kama yai, na asiisafishe kwa ndimu wala siki, maana asidi hulila jiwe hilo.

Jambo moja zaidi. Kuna mawe ambayo si chupa, lakini pia hayakutoka ardhini. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza rubi kwa moto mkali kiwandani. Tangu hapo mawe ya kutengenezwa yamejaa duniani, mazuri, masafi, na bei ndogo. Jiwe la bluu lisilo na doa hata moja linalouzwa njiani kwa bei ya kilo mbili za sukari, jiulize mara mbili.

MAWE YA KWETU NA YA MAJIRANI

Watoto walipotusikia tukizungumza, waliuliza kama Rwanda nayo ina mawe. Ndiyo, inayo. Kusini magharibi, upande wa Cyangugu, wilaya ambayo sasa inaitwa Rusizi, kuna safiri za bluu zilizoletwa juu na miamba ya volkano. Kuna pia turmalini na berili katika miamba ile ile inayotoa kasiterite na koltani, na kuna amethisto ya zambarau.

Tena sikilizeni hili: safiri imetengenezwa na alminiamu na oksijeni. Ni alminiamu ile ile ya sufuria zetu. Chembe kidogo za chuma na titani ndizo zinazoipa rangi ya bluu. Chembe za kromu zingeifanya nyekundu, nayo ingeitwa rubi.

Huko Tanzania, tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 Mirerani, karibu na Arusha, na mwaka 1968 duka la Tiffany la Marekani ndilo lililoipa jina hilo la nchi. Mwezi wa 6 mwaka 2020 mchimbaji mdogo aitwaye Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akapata zaidi ya shilingi bilioni 7.7 za Tanzania. Habari hiyo ilifika mpaka hapa kambini kwa simu, na vijana wengine wakaanza kuota ndoto.

Vijana, tunazungumza nanyi kama kaka na dada zenu. Laizer alikuwa na leseni na wafanyakazi, naye aliuza mbele ya serikali. Hapa Rwanda pia, kuchimba na kufanya biashara ya madini kunahitaji leseni ya Bodi ya Migodi, Mafuta na Gesi, RMB, iliyoanzishwa mwaka 2017. Mtu akikuita usiku kwenye shimo lisilo na kibali, anakuita kwenye udongo unaobomoka mvua ikinyesha. Akikupa mfuko wa mawe umpelekee mtu mjini, anakupa kesi. Pete iliyo kwenye kidole cha mama yako ni mali ya nyumbani. Mfuko wa mawe mabichi bila karatasi ni jambo jingine kabisa, na hasa kwa mtu ambaye kitambulisho chake ni cha ukimbizi.

TATU, BEI

Sasa turudi kwa sonara. Mama aliuliza, "Mzee, basi bei yake?"

Mzee akamueleza kwamba pete moja ina hesabu mbili. Ya kwanza ni ya feza: gramu mara bei ya siku, na bei hiyo hupanda na kushuka. Mnunuzi hupunguza kidogo, kwa sababu ataiyeyusha na kuisafisha. Ya pili ni ya jiwe. Mawe hupimwa kwa karati, na karati 5 ni gramu 1. Kwa kulipima urefu na upana bila kulitoa, alikadiria jiwe la mama kuwa karati 3 hivi. Lakini uzito peke yake hautoshi. Rangi, usafi wa ndani na jinsi lilivyochongwa ndivyo vinavyopandisha bei. Jiwe la mama ni la kweli, lakini lina nyufa.

"Mimi naweza kutoa 35,000," akasema. "Nikiiuza nitaiuza zaidi ya hapo, sikufichi, maana ndiyo kazi yangu. Lakini mama, unaiuza kwa sababu gani?"

Mama akamueleza habari ya kijana na ile 60,000. Mzee akanyamaza. Halafu akachukua karatasi, akaandika: pete ya feza, gramu 7, turmalini ya kijani na waridi, karibu karati 3, nyufa ndani. Akampa, hakuomba hata faranga moja.

"Nenda nayo nyumbani, ulale," akasema. "Pete haiozi. Ukiamka bado unataka kuuza, urudi, nipo hapa hapa. Na wewe mwalimu," akamgeukia mwenzetu, maana alikuwa ameiona ile alama ya ndani, "misumari ni ya mbao."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo tulipoelewa kosa letu lote. Sisi tulidhani swali ni moja tu: pete ni ya kweli au ya uongo? Kumbe ya kweli si lazima iwe ya bei kubwa. Pete ile ilikuwa ya kweli kabisa, na bado isingetosha kumlipia kijana. Kama mama angeiuza kwa 4,000, angerudi bila pete na bila shule. Kama angeiuza kwa 35,000, angerudi bila pete, na bado anadaiwa 25,000. Hesabu hiyo tungeifanya nyumbani kabla ya kupanda basi, na sisi ndio walimu wa hesabu.

MAMBO YALIVYOKWISHA

Kwenye basi la kurudi mama alikuwa amevaa pete, haikuwa tena kwenye pembe ya kitenge. Jioni hiyo alipeleka jambo lake kwenye kimina cha akina mama wa kartie. Hakuwa amethubutu mwanzoni, aliona haya. Alisema kwamba anaweza kuweka pete kama dhamana. Mama mmoja mzee akamkatalia palepale: "Sisi hatukopeshaki kidole. Tunakukopesha weye."

Wakampa 40,000. Kwa zile 20,000 zilizobaki, alikwenda na mmoja wetu shuleni kuzungumza, wakakubaliwa kulipa mwezi unaofuata. Kijana akarudi darasani Jumatatu. Mama anauza ndagala sokoni, anarudisha 5,000 kila mwezi kwenye kimina. Hata sasa tunapoandika bado amebakiza miezi mitatu. Si rahisi. Mwezi mmoja ndagala ziliingia mvua, akalipa 2,000 tu, nao wakamvumilia.

Hatusemi kwamba mtu asiuze kamwe. Mtoto akiwa mgonjwa usiku, uza. Wako waliouza pete na wakafanya vizuri, na hakuna aibu yoyote. Tunachosema ni kwamba usiuze kitu usichokijua, na usikiuze kwa haraka ya siku moja. Na kabla ya kuuza, kaa chini na familia, muandike: tunahitaji kiasi gani, kitu hiki kitatoa kiasi gani, na kinachopungua kitatoka wapi? Pengine mtagundua kwamba njia nyingine ipo. Pengine mtagundua kwamba haipo, na mtauza mkiwa na amani.

KAMA UNATAKA KUUZA AU KUNUNUA

1. Uliza angalau watu wawili. Anayekupa bei bila kupima wala kutazama, mshukuru uondoke.

2. Usiiache pete ipelekwe chumba cha nyuma. Ipimwe mbele ya macho yako. Jiwe linaweza kubadilishwa kwa dakika chache.

3. Nenda na mtu unayemuamini, asiwe wa kukuharakisha kama sisi tulivyofanya.

4. Ukinunua, kwa mfano pete ya harusi, omba karatasi iliyoandikwa ni madini gani, gramu ngapi, na jiwe gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Muulize muuzaji kama jiwe ni la asili au la kutengenezwa. Jiwe la kutengenezwa si dhambi, kosa ni kulipa bei ya asili.

KUITUNZA NYUMBANI

Osha pete kwa maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini wa zamani, kisha uikaushe kwa kitambaa. Usiisugue kwa majivu wala mchanga kama sufuria, maana punje zake hukwaruza feza, na hata mawe laini. Ivue kabla ya kushika javeli, kwa sababu javeli hugeuza feza kuwa nyeusi na kuila. Ivue pia unapolima.

Akina mama wajawazito, vidole huvimba miezi ya mwisho. Mvue pete mapema. Ikikataa kutoka, inua mkono juu dakika chache, paka mafuta au sabuni, uizungushe taratibu bila kuivuta kwa nguvu. Kidole kikibadilika rangi au kikifa ganzi, kimbilia zahanati. Pete hukatwa na kuungwa tena, kidole hapana.

KAZI YA WATOTO

Jumamosi hii, kila mtoto atafute jiwe moja jeupe la kwatzi, na kipande cha chupa nene ambacho mtu mzima amekikagua kingo zake. Mbele ya mzazi, kwaruza chupa kwa jiwe. Je, alama imebaki? Futa kwa kidole cha mzazi uone kama ni vumbi tu au ni mkwaruzo kweli. Kisha andika katika daftari: kipi ni kigumu zaidi, na umejuaje?

Na swali la lugha kwa wakubwa: kwa nini Kiswahili huita fedha madini yale meupe, na pia pesa za kununulia chumvi? Kinyarwanda nacho kinaita madini hayo ifeza. Fikirieni sarafu za zamani zilitengenezwa na nini, mtuletee majibu.

Tunamaliza kwa kuomba msamaha hadharani kwa mama wa kartie ya chini, kwa ajili ya ile alama ya msumari. Tulimwambia tungeweza kumuomba sonara aisugue itoke. Amekataa. Amesema iache pale, ili mtoto wake atakapompa mke wake siku moja, awe na habari ya walimu ya kusimulia.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Maoni na majibu yenu myalete darasani jioni, au mumpe mwalimu yeyote mtakayemkuta njiani.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.